Linda Kitufe cha "Ruhusu" Kama Unavyolinda PIN

Muulize Mkenya yeyote mwenye laini ya simu namna ya kulinda pesa zake, atakujibu bila kufikiri: usimpe mtu PIN. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, somo hili limerudiwa redioni, kwenye kuta za maduka ya mawakala na kwenye meseji hadi watoto wa shule wanalijua. Ni somo zuri. Mama mboga anayefunika simu kwa kiganja anapobonyeza namba zake za siri hahitaji kufundishwa tena.

Shida ni kwamba matapeli nao walilisikia somo hilo. Wanajua ukiombwa PIN utakata simu. Kwa hivyo wengi hawaiombi tena. Wanakuomba kitu kingine ambacho hakuna aliyekuonya kukikatalia: upakue programu fulani, halafu ubonyeze "Ruhusu", au "Allow" kama simu yako iko kwa Kiingereza. Ukishabonyeza, hawahitaji kukuuliza chochote. Watajionea wenyewe.

Msimamo wetu ni huu: siku hizi kitufe cha "Ruhusu" ni PIN ya pili. Anayekishika bila kufikiri ni sawa na anayemsomea mgeni namba zake za siri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa wengi wetu nguo hiyo sasa ni simu iliyo mfukoni.

Mkopo unaokuja wenyewe

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mtautambua. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Kwenye grupu la WhatsApp la chama kunatua ujumbe: "Hongera! Umehitimu mkopo wa shilingi 30,000 bila kuangaliwa CRB. Pakua programu hapa, pesa ndani ya dakika 5." Chini yake kuna linki. Aliyeutuma ni mwanachama mnayemfahamu, kwa hivyo hakuna anayeshuku. Kumbe huenda WhatsApp ya mwanachama huyo imeshatekwa. Alipigiwa simu, akaombwa ataje tarakimu sita "zilizotumwa kwako kimakosa", akazitaja, na sasa mtu mwingine anaandika kwa jina lake.

Ukibonyeza linki hiyo, haikupeleki Play Store. Inakushushia faili ambayo jina lake linaishia na .apk, yaani programu inayoingizwa kwenye simu bila kupitia dukani. Simu yenyewe itakuonya kwamba faili hii inaweza kuleta madhara. Tapeli alishalitarajia onyo hilo, ndiyo maana akaandika mwishoni: "Ukiona onyo, bonyeza endelea, ni kawaida."

Hapo ndipo pa kusimama. Mtu anayekufundisha kupuuza onyo la simu yako mwenyewe hana mkopo wa kukupa.

Onyo hilo linazidi kupewa nguvu. Mwaka 2024 Google ilianza majaribio nchini Singapore ya kuzuia kabisa programu zinazotoka nje ya duka lake zikiwa zinadai ruhusa hatari, kama vile kusoma meseji. Baadaye Kenya ikaongezwa kwenye orodha ya nchi za majaribio hayo. Kwa hivyo simu yako ikikataa kuingiza programu fulani, usiipeleke kwa fundi wa mtaani akusaidie kuzima ulinzi. Ilikuwa inakutetea.

Kila ruhusa ni mlango

Programu ikishaingia, huanza kuomba ruhusa moja baada ya nyingine, haraka haraka, na wengi wetu tunabonyeza tu ili tufike mbele. Hebu tuone kila mlango unafungua chumba gani.

*Kusoma meseji.* Benki ikikutumia namba za kuthibitisha muamala, programu hiyo inazisoma kabla yako. Inaona pia salio lako la pesa za simu kila mara ujumbe wa muamala unapoingia. Tapeli anajua siku ya mshahara wako kuliko jirani yako.

*Majina kwenye simu na picha.* Hapa ndipo wanapopata watu wa kuwaaibisha ukichelewa kulipa, na picha ya kitambulisho uliyopiga mwaka jana ukasahau kuifuta.

*Arifa.* Hata ukikataa ruhusa ya meseji, programu inayoruhusiwa kusoma arifa inaona meseji zile zile zinapojitokeza juu ya kioo.

*Accessibility.* Hii iko kwenye mipangilio ya simu na iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kutumia vidole kwa urahisi. Huiwezesha programu kusoma yaliyo kwenye kioo na hata kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu. Kwa anayeihitaji ni msaada mkubwa. Kwa tapeli ni kama kupewa macho na vidole vyako. Programu ya mkopo, ya mpira au ya kuongeza bando haina kazi yoyote na ruhusa hii.

*Kuonyesha kioo kwa mtu aliye mbali.* Programu kama AnyDesk na TeamViewer ni za halali, na mafundi wa kompyuta huzitumia kila siku. Lakini mtu akikupigia akidai anatoka huduma kwa wateja, akakuomba upakue mojawapo "ili tukusaidie kurekebisha akaunti", jua ameomba kukaa begani kwako ukiandika PIN. Mfanyakazi wetu hana sababu ya kuona kioo cha simu yako.

Huna haja ya kukariri orodha hii. Swali moja linatosha: programu hii inaihitaji ruhusa hii kwa kazi gani? Ramani ikiuliza uko wapi, ina maana. Tochi ikitaka majina ya ndugu zako, inayatakia nini?

Mkopeshaji wa kweli anaweza kukaguliwa

Hatusemi usikope kwa simu. Mikopo hii imewaokoa watu usiku wa manane hospitalini na imeongeza stoki kwenye vibanda vingi. Tunachosema ni kwamba mkopeshaji wa kweli ana mahali anapojulikana.

Tangu mwaka 2022, wakopeshaji wa kidijitali nchini wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na Benki Kuu huweka hadharani orodha ya waliopewa. Nembo ya Benki Kuu iliyobandikwa ndani ya programu si ushahidi, maana hata mtoto anaweza kuinakili. Ingia kwenye tovuti ya Benki Kuu yenyewe, tafuta jina la kampuni, halafu linganisha na jina la mwenye programu jinsi linavyoandikwa kwenye Play Store.

Tena, tangu mwaka 2023 Google hairuhusu programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kuchukua majina na picha zilizo kwenye simu ya mteja. Kwa hivyo programu ya mkopo inayodai orodha ya majina yako imeshajitambulisha. Hakuna haja ya uchunguzi zaidi.

Na kama umeshaangukia mikononi mwa wanaotishia kumpigia mkwe wako au bosi wako, usikubali kunyamazishwa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na Kamishna wa kuisimamia. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wengine kuwatumia vitisho. Malalamiko hupokewa kupitia tovuti ya ofisi hiyo.

PIN ni ya kutoa, si ya kupokea

Mtego mwingine hauhitaji hata programu. Unaambiwa mkopo umepitishwa au kiwango chako cha Fuliza kitaongezwa, kilichobaki ni "ada ya usajili" ya shilingi 250. Kiasi ni kidogo makusudi. Tapeli anajua kwa shilingi 250 hutaenda polisi. Ukilipa, inakuja ada ya bima, kisha ya "kufungua akaunti", kisha kimya. Mkopeshaji wa kweli akikata ada, huikata kwenye mkopo wenyewe au kwenye malipo yako. Anayetaka pesa kwanza ndipo akukopeshe, yeye ndiye mkopaji.

Wengine hawakuombi utume. Wanakuletea kidirisha kwenye simu, kile kile unachokiona ukilipa dukani au mtandaoni, kinachokuambia uweke PIN. Mpigaji anasema, "Weka PIN upokee pesa zako." Soma kidirisha hicho. Kimeandikwa kiasi na jina la anayelipwa. Kinasema unalipa.

Kanuni ni fupi: pesa unazotumiwa na mtu hazihitaji PIN yako. Ukiulizwa PIN ya kuthibitisha muamala ambao hukuuanzisha mwenyewe, ujue kuna pesa zinatoka.

Wanaouza hofu

Matapeli hawatumii mkopo peke yake. Kuna wanaotumia hofu. Unasoma habari za mpira kwenye simu, ghafla kioo kinajaa rangi nyekundu: "Simu yako ina virusi 13! Betri itaharibika! Pakua kisafishaji sasa!" Au uko saiba, na kompyuta inaanza kulia kama king'ora huku kukiwa na namba ya kupiga. Tovuti haiwezi kuhesabu virusi kwenye simu yako. Lile ni tangazo tu, lililoshonewa nguo ya daktari.

Biashara hii ni ya zamani, na imewanasa hata watu wa nchi zenye sheria kali. Mwaka 2019 nchini Marekani, kampuni ya maduka ya Office Depot na mshirika wake Support.com zilikubali kulipa dola milioni 35 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo kuzishtaki. Wateja walikuwa wakiletewa kompyuta zao kipimo cha bure. Kabla ya kupima waliulizwa maswali manne, kwa mfano kama kompyuta imekuwa nzito. Tume ilieleza kwamba mteja akijibu ndiyo kwa swali lolote, majibu yalionyesha dalili za virusi, hata kama kipimo chenyewe hakikuona kitu. Kisha akauziwa matengenezo. Mwaka 2024 kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, nazo zilikubali kulipa dola milioni 26 katika kesi ya aina hiyo hiyo: maonyo ya uongo yaliyojifanya yanatoka Microsoft.

Tunazitaja kesi hizi kwa sababu moja. Kama duka lenye jina liliweza kutumia ujanja huo, programu ya "kusafisha simu" isiyo na mwenyewe itashindwaje? Onyo la virusi likikutokea ndani ya kivinjari, usibonyeze popote ndani yake, hata pale pameandikwa "Funga". Funga kivinjari chenyewe. Android ina kikaguzi chake, Play Protect, ndani ya Play Store. Hakilipiwi na hakikupigii simu.

Na kwenye kompyuta, jihadhari na programu za kulipia zinazogawiwa bure baada ya "kuvunjwa kufuli". Aliyezivunja hakufanya kazi hiyo kwa sababu anakupenda. Mara nyingi maagizo ya kuziingiza huanza na "zima antivairasi kwanza". Ni lugha ile ile ya "ukiona onyo, bonyeza endelea".

Bando ni ghali, tunajua

Kuna wateja watakaotuambia: mnasema Play Store, lakini bando mnaninunulia nyinyi? Ni hoja ya haki. Watu wengi hurushiana programu kwa Xender au Bluetooth kwa sababu kupakua kunakula data, na simu ya bei nafuu inajaa haraka. Hatutajifanya hatuoni hilo.

Lakini tutenganishe. Mchezo wa karata uliorushiwa na rafiki ni hatari ya kiasi fulani. Programu ya benki, ya mkopo, ya pesa za simu, au ile WhatsApp iliyobadilishwa na watu wasiojulikana ni hatari ya aina nyingine kabisa, maana inagusa pesa na jina lako. Hizo zitoe kwenye duka rasmi hata kama itabidi usubiri Wi-Fi ya kanisani, ya ofisi au ya jirani. Rahisi ghali.

Kweli pia, Play Store si mbinguni. Zipo programu mbaya zinazopenya. Ndiyo maana duka peke yake halitoshi na lile swali la ruhusa linabaki pale pale, popote programu ilipotoka.

Tuache kusema "ni tamaa yake"

Mtu akitapeliwa mtaani kwetu, la kwanza kusikika ni kwamba tamaa ilimponza. Hatukubaliani na maneno hayo, na tunadhani yanawasaidia matapeli kuliko kitu kingine chochote.

Angalia wanaonaswa. Mzazi anayetafuta karo hana tamaa, ana haraka. Kijana aliyemaliza chuo anayelipia "mafunzo" ya kazi ya mtandaoni anatafuta riziki. Mzee aliyepakua kisafishaji alitaka simu yake isiharibike. Tapeli hupanga ujumbe wake ufike wakati mtu ana shida, na humpa dakika 5 ili asipate nafasi ya kumuuliza mwingine.

Sasa mtu huyo akijua atachekwa, atanyamaza. Akinyamaza, programu inabaki kwenye simu yake, linki inabaki kwenye grupu, na wanachama wengine wanafuata. Aibu ndiyo inayompa tapeli siku mbili za ziada za kufanya kazi. Anayesema mapema huokoa pesa zake na za wenzake, kwa hivyo anastahili kusikilizwa kwanza, mawaidha baadaye.

Ukiwa umeshabonyeza

Kama umeingiza programu unayoishuku, fuata mpangilio huu.

1. Zima data na Wi-Fi mara moja. Programu isiyo na intaneti hupata ugumu kutuma inachokiona.
2. Tumia simu nyingine kupigia huduma kwa wateja ya kampuni yako ya pesa na benki yako, uombe akaunti isimamishwe. Namba itoe nyuma ya kadi, kwenye tovuti rasmi au kwa wakala, kamwe si kwenye ule ujumbe uliotumiwa.
3. Hamishia laini yako kwenye simu safi, kisha ubadilishe PIN ukiwa huko. Usibadilishe kwenye simu inayochunguzwa.
4. Kwenye simu yenye shida, fungua mipangilio, ondoa ruhusa zote za programu hiyo ukianza na Accessibility, halafu uifute. Ikikataa kufutika, hifadhi picha na majina yako, kisha uirudishe simu ilivyotoka kiwandani.
5. Badilisha nenosiri la barua pepe na uangalie kwenye WhatsApp vifaa vilivyounganishwa. Usichokitambua, kiondoe.
6. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta laini usiyoijua.
7. Andikisha kituo cha polisi na upewe namba ya OB. Utaihitaji kwa benki. Mteja wa Safaricom anaweza pia kutuma ujumbe wa utapeli kwa 333 bila malipo.

Usifute meseji za tapeli kabla ya kupiga picha ya kioo. Huo ndio ushahidi wako.

Tunachokuomba wiki hii

Tenga dakika kumi. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye ruhusa, utazame programu zipi zinasoma meseji zako na zipi zimewashwa kwenye Accessibility. Usiyoijua kazi yake, iondolee ruhusa. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye simu ya mama au baba, ukiwa umekaa naye na kumweleza unachofanya, ili siku haupo aweze mwenyewe.

Na kwenye grupu la chama, wekeni sheria moja: hakuna kusambaza linki ya mkopo, ya kazi wala ya zawadi kabla ya kumpigia aliyeileta na kusikia sauti yake. Hata akiwa ni mweka hazina.

PIN umeilinda miaka yote hii bila kuona ni mzigo. Kitufe cha "Ruhusu" nacho kipe heshima hiyo hiyo. Tahadhari kabla ya hatari.